Bwana Mkasi Aingia Darasani

Darasa la uhakiki wa filamu lilikuwa juu ya duka la rangi, na Bwana Mkasi alikwisha kulidharau kabla hajamaliza kupanda ngazi. Ndani alikuta viti vya plastiki, projekta iliyowekwa juu ya kreti la soda, na shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani, likiwa na mkunjo mrefu kutoka kona hadi kona. Hata pasi hawana, alijisemea. Akaburuta meza pekee iliyokuwemo, akaiweka mbele ya kiti chake, maana tangu aanze kazi hakuwahi kutazama filamu bila meza mbele yake. Meza ile ilikuwa ya mwalimu, lakini hilo hakuuliza.

Jina la Mkasi alipewa na watu wa mtaani, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi katika bodi ya filamu, yule anayeamua watu wazima na akili zao waone nini na wasione nini. Wao walidhani wanamkejeli. Yeye alilipokea kama cheo na akalivaa hadi kustaafu. Bodi yenyewe ilikuwa chumba chenye mapazia mazito na wajumbe watatu: mtu mmoja wa dini aliyelala mara taa zilipozimwa, mama mmoja wa wizarani aliyefuma sweta gizani bila kukosea hata tundu moja, na yeye. Kazi ilikuwa yake, kwa maneno mengine.

Nyuma yao alisimama fundi wa mitambo na mashine yake. Mashine ile ilinguruma kiasi kwamba sauti ya mtu haikumfikia fundi, ila pete juu ya mbao ngumu ilimfikia. Basi Bwana Mkasi akiona goti, au busu, au mkubwa fulani akichekwa, aligonga meza kwa pete yake ya ndoa: ko, ko. Fundi akachomeka kikaratasi kwenye mkanda mahali palepale, na kipande kile hakikuonekana tena na macho ya binadamu. Filamu ikigongwa kupita kiasi, taa ziliwashwa, ikapigwa marufuku, chai ikaletwa. Hata zile zilizopona, sehemu ya mwisho aliwaachia wenzake, yeye akiinamia ripoti. Ndiyo maana mtu huyu aliyejigamba kuwa ametazama filamu nyingi kuliko yeyote hakujua hata moja iliishaje. Muuaji alikuwa nani, mgonjwa alipona au hakupona, bibi harusi alifika au alitoroka, yote hayo yalikuwa ni habari za watu wasio na kazi.

Kisha watu wakaanza kutazama filamu kwenye simu, wamelala chali vitandani, magoti kwa mabusu, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Bodi ikabaki na mihuri yake. Bwana Mkasi akapewa saa ya ukutani na hotuba, akarudishwa kwa mkewe.

Angeweza kukaa nyumbani akaichukia dunia kwa raha zake kama wastaafu wengine. Kilichompandisha ngazi zile zenye harufu ya rangi ni binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alibandikwa jina la Kasuku na mama yake kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, alisema mpaka usingizi ukamkuta katikati ya neno. Hiyo ni utotoni. Alipofikia umri wa sekondari alikuwa kimya, jina likabaki limemning'inia tu, na baba yake akahesabu kimya kile kuwa matunda ya malezi mema. Sasa Kasuku alikuwa mtu mzima, mwongozaji wa filamu, na alipokuja nyumbani alihakikisha kwanza baba hayupo. Wakigongana mlangoni ilikuwa "Shikamoo baba," "Marahaba," "Mimi ndiyo natoka," na kweli alikuwa anatoka.

Zamani jambo hilo lisingemnyima Bwana Mkasi hata tonge moja. Lakini kustaafu kulikuwa kumemlainisha mahali asipopajua. Alianza kuwaona wazee wenzake wakipigiwa simu na mabinti zao, baba umekula, baba dawa umemeza, upuuzi mtupu, naye akautamani upuuzi ule mpaka akajionea aibu. Alitaka Kasuku aje, akae kitini, aongee naye. Hilo tu. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kwa kuwa hakujua namna ya kulisema, alishinda akiwalaumu majirani kwa kelele.

Ndipo siku moja simu ya mkewe ikaita, na mama Kasuku, ambaye masikio yake hayakuwa kama zamani, akaiweka kwenye spika. Kasuku alikuwa anaeleza kwamba filamu yake ya kwanza ndefu itaonyeshwa kwa umma, na kwamba watazamaji wataruhusiwa kusimama na kutoa maoni.

"Na baba naye?" mama akauliza.

"Aje. Ila asije kukagua, mama. Aje atazame, halafu asimame aniambie ameona nini. Akiweza hilo, nitakuja nyumbani, tutakaa, tutaongea hata siku nzima."

Bwana Mkasi, aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti, alilishusha kidogo asikie vizuri. Kuona ilikuwa kazi yake. Lakini "akiweza" lile lilimkera, ndiyo sababu alipoona tangazo la darasa mlangoni mwa duka la rangi, alijiandikisha siku hiyohiyo. Hakwenda kujifunza kuona, alimwambia mkewe. Alikwenda kuokota maneno wanayotumia vijana, basi.

Mwalimu aliitwa Fremu. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kutaja fremu, na wanafunzi hawakuwa na huruma. Kijana mwembamba, kitambaa shingoni kwenye joto lile, mikono yake daima imeunda mraba hewani, akichungulia watu kupitia humo. Katika siku ya kwanza Bwana Mkasi alimwona kuwa ni mjinga aliyesoma, aina mbaya kuliko zote.

Wenzake darasani aliwaona kuwa ni wajinga wa kawaida. Kulikuwa na muuguzi aliyelia kila filamu, hata ya katuni. Kulikuwa na wakala wa bima aliyeanza kila hoja kwa "kwa kina zaidi," na kamwe hakufika huko kwenye kina. Wengine walikuja kwa sababu kulikuwa na feni.

Fremu akawaonyesha filamu fupi ya mwanamke anayeosha vyombo jikoni huku mumewe, ambaye haonekani, anaongea sebuleni. Ilipokwisha aliwasha taa.

"Kanuni yangu ya kwanza ni hii," alisema. "Kabla hujasema filamu ni nzuri au mbaya, niambie umeona nini. Usiniambie unafikiri nini. Umeona nini?"

Wakala wa bima aliwahi kunyoosha mkono. "Kwa kina zaidi, mimi nimeona ule mstari unaopita usoni mwa mwanamke tangu mwanzo hadi mwisho. Unamgawa. Nafsi yake imepasuka."

"Huo ni mkunjo wa shuka," Bwana Mkasi akasema.

Watu walicheka, na wakala akavimba. Alitaka kufafanua, akafungua kinywa, lakini Bwana Mkasi alikuwa hataki kusikia zaidi. Ko, ko. Pete ilitua juu ya meza. Wakala akasita, akatazama huku na huku, akakaa. Hakujua kwa nini amekaa. Bwana Mkasi hakujua kuwa amegonga. Mkono ule ulikuwa umejiajiri wenyewe siku nyingi.

"Na wewe mzee wetu, umeona nini?" Fremu akauliza.

Bwana Mkasi akajiweka sawa. Hapa ndipo mahali pake. "Nimeona mikono mitupu hadi mabegani. Nimeona sabuni ya kampuni fulani inatangazwa bila kibali. Nimeona mtoto amepita mlangoni hana nguo. Hiyo filamu ingetoka kwangu na dakika chache sana."

"Mzee, sikuuliza makosa yapo wapi. Nimeuliza umeona nini."

"Ndiyo hayo niliyoona!"

"Yule mama," Fremu alisema taratibu, kwa adabu iliyomuudhi Bwana Mkasi kuliko tusi, "ameosha sahani moja tu. Tangu filamu inaanza mpaka inaisha, sahani ileile. Mume wake anaongea, yeye anaosha sahani moja."

Muuguzi akaanza kulia. Bwana Mkasi akasema sahani zote zinafanana.

Jioni hiyo alimsimulia mkewe upumbavu wote, shuka, kitambaa cha shingoni, machozi ya muuguzi, na akasimulia vizuri, maana dharau ilimpa ufasaha. Mama Kasuku alikula polepole akimsikiliza. Mumewe alipopumua, mama akapata upenyo.

"Leo nimekutana na yule jirani wa ghorofa ya juu," alisema, "ananiambia kwamba anafikiria kurudi shule, umri ule ule wangu, nami nikawaza kwamba labda na mimi—"

Ko, ko.

Mama Kasuku akaishia hapo. Akamsogezea mumewe chumvi. Bwana Mkasi akairudia habari ya wakala wa bima, maana kulikuwa na sehemu aliyoisahau, na huku akisimulia alikuwa anafurahia utulivu wa nyumba yake. Hilo lilikuwa jambo alilojivunia kwa wenzake: nyumbani kwake hapakuwahi kuzuka ugomvi, si leo si jana.

Aliendelea kwenda darasani kila wiki, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hata yeye hakulitarajia: akakolea. Si kwamba aliifuata kanuni ya kwanza. Hiyo aliiruka kama mtu anavyoruka dibaji. Alichokipenda ni maneno. Msuko legelege. Mwanga uliokosa nia. Mhusika bapa. Taharuki iliyokufa kabla ya kuzaliwa. Aliyabeba nyumbani akayarudia mbele ya kioo, akaona yanamkaa. Bodi walimpa mkasi uliohitaji muhuri, sahihi tatu na kikao. Hapa kijana wa kitambaa shingoni amempa mwingine unaokata popote, mchana kweupe, bila kibali cha mtu, na watu wakasema mzee huyu ni msomi.

Akaanza kukata. Taarifa ya habari ilikuwa na usawiri duni. Video ya harusi ya mtoto wa jirani, aliyoonyeshwa kwa ukarimu, wamemkaribisha na soda baridi, aliikatisha katikati akaeleza kuwa bibi harusi ni mhusika bapa na bwana harusi hana dhamira. Hawakumkaribisha tena, naye akasema ndivyo ilivyo, watu hawawezi kuhimili uhakiki. Darasani alikuwa hatari. Wenzake walipotazama filamu wakacheka, yeye aliandika. Walipolia, aliandika. Filamu ilipokaribia kwisha alikuwa tayari amefunga kalamu, hukumu imeiva, akisubiri taa ziwashwe.

Na Fremu, mwalimu wetu mpenda ukweli, alimsifu. Ndiyo, alimsifu. Alikuwa kijana asiyelipwa vya kutosha, darasa lilikuwa linapungua watu, na hapa palikuwa na mzee anayeyarudisha maneno yake yakiwa yamepigwa msasa. "Mzee wetu ana jicho," aliwaambia wengine. Ile kanuni yake ya kwanza hakuikumbusha tena. Walimu wa namna hiyo tunao wengi, na hawaishiwi na wanafunzi.

Siku ya filamu ya Kasuku ilikuwa Jumamosi mchana. Mama Kasuku alivaa gauni aliloliweka sandukuni muda mrefu likingoja safari, na Bwana Mkasi akavaa suti ya hotuba ya kustaafu. Njiani hakusema mengi. Alikuwa ameandaa sentensi za kufungulia, nzuri kabisa, ambazo zingefaa filamu yoyote, na alizirudia kimoyomoyo akiomba zisimtoke. Akisema vizuri, Kasuku atakuja, atakaa kitini. Alishakiona na kiti chenyewe, kile cha dirishani.

Ukumbi ulikuwa wa zamani, viti vya mbao vyenye mikono ya mbao, na ulijaa. Fremu alikuwepo na darasa lote. Kasuku alisimama mbele, mfupi kama mama yake, akasema asanteni kwa kuja, akawatazama wazazi wake kidogo, taa zikazimwa.

Filamu ilikuwa na nyumba moja, meza moja na watu watatu. Baba alikuwa hakimu, pande la mtu, na kila mlo alikunywa chai kwa glasi na kijiko chake kidogo. Mkewe alianza kusema, "Nilipokuwa msichana, nilikuwa nataka—" na hakimu akagonga glasi kwa kijiko. Ting, ting. Mke akanyamaza, akamimina chai. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Bwana Mkasi alicheka pia. Halafu akakumbuka kazi yake, akatoa kalamu.

Mlo uliofuata mtoto alitaka kueleza alichokiota. Ting, ting. Watu wakacheka. Mlo mwingine mke akaanza tena, "Nilipokuwa msichana," na kijiko kikamkata palepale, na safari hii waliocheka walikuwa wachache. Hakimu hakuwa mkali. Hakufoka, hakumpiga mtu. Aligonga tu, na mara nyingine hata hakuinua macho kutoka kwenye gazeti. Kadiri filamu ilivyokwenda ndivyo mtoto alivyozidi kuwa kimya, mpaka akawa anaomba hata chumvi kwa ishara. Ukumbini hapakuwa tena na wa kucheka.

"Jitu gani hili," Bwana Mkasi akamnong'oneza mkewe. "Hakuna mtu wa hivi."

Mama Kasuku alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho hayapepesi.

Bwana Mkasi akaona kosa ni la wazi, na lilimtia huzuni ya kweli, kwa kuwa alitaka filamu ile iwe nzuri. Mwanga ulikuwa mzuri. Msuko haukuwa legelege. Ila huyu baba, na kijiko chake, alitiwa chumvi mno, na mwanawe alihitaji mtu wa kumwambia kwa upole. Na nani zaidi ya baba yake? Akainamia karatasi gizani, akaanza kuandika atakalosema, akifuta, akianza upya, akitafuta neno lisiloumiza.

Kwa hiyo hakuona mwisho. Hakuona kiti cha hakimu kikiwa kitupu, na glasi safi, na kijiko kimelala ndani yake. Hakuona yule mke akikaa na binti yake aliyekwisha kuwa mkubwa, akisema, "Nilipokuwa msichana, nilikuwa nataka," kisha akakoma pale kijiko kilipokuwa kikimkata, akangoja, kama alivyozoea. Akangoja sana. Hakuna kilicholia. Akamtazama binti yake, akaendelea, na filamu ikaisha mdomo wake ukiwa bado unatembea.

Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Muuguzi alikuwa taabani. Bwana Mkasi alipiga makofi pia, karatasi mkononi, na kipaza sauti kilipoanza kuzunguka alinyoosha mkono kabla ya watu wote.

"Mimi ni baba yake," alisema, na watu wakampigia makofi, akapata nguvu. "Lakini leo nasimama kama mhakiki. Nampongeza mwongozaji kwa mwanga wenye nia na kwa msuko uliokazwa. Katika usawiri, hata hivyo, kuna dosari moja, na nitaisema kwa sababu nampenda." Hilo lilikuwa neno ambalo halikuwemo kwenye karatasi. "Yule baba ni mhusika bapa. Hasadikiki. Mtu wa namna ile, mwenye familia, mwenye mke, hawezi kuishi miaka yote akigonga gonga asijue. Mtu wa hivyo hayupo. Angekuwepo, nyumbani kwake wangekwisha kumwambia."

Kasuku alikuwa ameshika kipaza sauti chake kwa mikono miwili. Hakuonekana kukasirika.

"Wangemwambia lini, baba?"

"Lini? Wakati wowote! Mezani, sebuleni, mtu na mkewe hawakosi nafasi ya—"

"Baba Kasuku," mama akasema kando yake, akimvuta koti mpaka akakaa, "mimi nilishajaribu—"

Ko, ko.

Mbao za kiti kile zilikuwa kavu na nzuri, na ukumbi ulikuwa umetulia kumsikiliza mzee. Pete ilisikika hadi mlangoni. Mama Kasuku alinyamaza palepale, mdomo nusu wazi, na mkono wake mwingine ukaanza kutafuta kitu cha kumsogezea, chumvi au chochote, ukakuta hewa.

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akakimeza kicheko. Wakala wa bima, ambaye maskini hakuwahi kuelewa jambo upesi, alisema "Aa!" kwa sauti ya mtu aliyepata kitu alichokipoteza. Fremu alishusha macho akajitazama viatu.

Bwana Mkasi aliona nyuso zimemgeukia, akadhani anaombwa aendelee. Akatazama karatasi. Kisha akafuata macho ya watu, yakamshusha begani, kiwikoni, yakampeleka mpaka kwenye mkono wa kiti, na pale akakuta mkono mwingine, mkono wa mzee, wenye pete, vidole vimekunjwa tayari. Ulikuwa ni wake. Aliutazama kwa muda mrefu. Katika kazi yake yote hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokiona vizuri, na hakuna aliyemuuliza ameona nini.

"Mama," Kasuku akasema kwenye kipaza sauti, taratibu. "Malizia."

Mama Kasuku akamtazama binti yake. Akamtazama mumewe, pete, mbao. Akangoja, kwa mazoea tu.

"Nilikuwa nasema," akaanza, "kwamba nilishajaribu kumwambia. Mwaka ule tuliooana nilijaribu. Ulipozaliwa wewe nikajaribu tena. Nilikuwa nataka kusoma, Kasuku, unajua? Nilikuwa nataka kuwa mwalimu, na nilikubaliwa chuoni, nikasema nitamwambia wakati wa chakula..."

Mtu alimpelekea kipaza sauti, akakipokea kama aliyezaliwa nacho. Kasuku alishuka jukwaani, akapita katikati ya watu, akaja akaketi kwenye kiti alichoachiwa na mtazamaji mmoja, upande wa mama yake. Hakumtazama baba. Mama aliongea. Aliongea juu ya chuo, na juu ya rafiki aliyeacha kuja nyumbani, na juu ya mambo ambayo Bwana Mkasi, aliyelala kando yake miaka yote hiyo, alikuwa anayasikia pamoja na wageni. Kila alipofika mahali alipozoea kukatwa alipunguza mwendo, na mkono wa mumewe ukaruka wenyewe, na kila mara ulikosa mbao, kwa sababu alikuwa ameushika kwa mkono mwingine.

Hakujua maneno yale yanaishia wapi. Hakuwahi kufika huko. Mwishowe akaukalia ule mkono, pete ikamfinya pajani, akasikiliza.